Futi Kumi na Mbili kutoka kwa Sungura

Peter alikuwa na umri wa miaka 2 na miezi 10 uchunguzi ulipoanza. Baadaye walimkalisha kwenye kile kiti kirefu cha kulishia watoto, wakamwekea chakula alichokipenda, na alipoanza kutafuna, upande wa pili wa chumba akaletwa sungura ndani ya kizimba cha waya. Kizimba kikasogezwa. Kikasogezwa tena. Mpaka wa kusogea haukuwekwa na mtu mzima yeyote. Uliwekwa na taya za mtoto. Maadamu anakula, sungura asogee. Akiacha kula, sungura asimame.

Hayo yalifanyika New York mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1924 mwanasaikolojia kijana, Mary Cover Jones, akayachapisha. Ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za mtu aliyejaribu, hatua kwa hatua na kalamu mkononi, kumsaidia mtoto mdogo azoee kitu kinachomtia hofu.

Tatizo lenyewe lina umri mkubwa kuliko saikolojia. Kila ukoo una mtoto wa namna hiyo: mgeni akipiga hodi, yeye huyo, nyuma ya kanga ya mama, akipelekwa arusini hulilia kurudi nyumbani kabla pilau halijapakuliwa, akivishwa viatu vipya huvitazama kama vitamng'ata. Na kila ukoo una majibu yake. Bibi atasema mwacheni, atakua ataacha. Mjomba atasema mnamdekeza huyo, msukumeni. Shangazi atamtania mpaka watoto wenziwe wacheke. Jirani mpole atachuchumaa amweleze kwa maneno matamu kwamba paka huyu haparuzi. Bibi, mjomba, shangazi na jirani hao walikuwepo Marekani pia, na alichokifanya Jones ni kuwaita mmoja mmoja na kuwapima.

Aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa ajabu kidogo. Mwaka 1919 alisikiliza mhadhara wa John B. Watson, mtu aliyeamini kwamba karibu kila tabia ya binadamu hufundishwa. Mwaka uliofuata Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner, ambaye Jones alikuwa rafiki yake tangu chuo cha Vassar, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa kwa aibu. Walimchukua mtoto wa miezi 11, wakamwonyesha panya mweupe, na kila aliponyosha mkono kumgusa, nyundo iligongwa kwenye chuma nyuma ya kichwa chake. Baada ya mara chache, panya peke yake alitosha kumliza. Mtoto huyo, Albert wa vitabuni, akaondoka hospitalini bila mtu kumng'oa hofu aliyopandwa.

Jones alivutiwa na nusu iliyoachwa. Kama hofu hupandwa, je, huweza kung'olewa? Wala hakuhitaji kupanda nyingine ili ajibu. Alikwenda kwenye taasisi iliyokuwa ikitunza kwa muda watoto ambao mama zao, kwa sababu moja au nyingine, hawakuweza kuwalea, na huko akapata watoto wapatao 70, wa miezi 3 hadi miaka 7. Baadhi yao walikuja na hofu zao tayari: hofu ya giza, ya chura, ya panya, ya sungura, ya kelele za ghafla.

Bibi alianguka wa kwanza. Watoto walitenganishwa na kile walichokiogopa kwa majuma au miezi, na walipokutanishwa nacho tena, waliogopa kama mwanzo. Hofu haikuoza kwa kuwekwa kabatini. Jirani mpole akafuata. Msichana mmoja alizungumziwa habari za sungura kwa dakika kumi hivi kila siku, juma zima, kwa picha na wanasesere na hadithi, mpaka akawa anajisifu kwamba yeye amemshika sungura na sungura hakulia. Ilikuwa njozi tupu. Alipoletwa sungura wa nyama na manyoya, aliacha mchezo wake akarudi nyuma kama siku ya kwanza. Shangazi mwenye utani alikuwa wa hatari zaidi, maana kuna visa ambavyo kejeli ilionekana kuikaza hofu badala ya kuilegeza. Mjomba alipata nusu ya ushindi: mtoto anayeonyeshwa kitu kilekile mara nyingi huishia kunyamaza, lakini kunyamaza ni kuvumilia tu, na anayevumilia hajazoea bado.

Njia mbili tu zilisimama. Moja ni kukiambatanisha kitu cha kuogofya na kitu kitamu, kidogo kidogo. Nyingine ni kumweka mwoga pamoja na watoto wenziwe wasioogopa, awatazame.

Peter alipitia zote mbili. Hofu yake haikuwa ya sungura peke yake. Aliogopa panya mweupe, koti la manyoya, unyoya wa ndege na hata pamba, ingawa matofali ya mbao aliyachezea bila wasiwasi. Kwanza alichezeshwa kila siku na watoto watatu waliompenda sungura, na akawa anapata nafuu. Jones alipanga maendeleo yake katika ngazi 17, na orodha hiyo ni raha kuisoma hata leo. Ngazi ya chini kabisa: sungura akiwa kizimbani popote chumbani, Peter anaogopa. Kisha anamvumilia kwa umbali wa futi 12. Kisha futi 4. Kisha 3. Kisha kizimba kikiwa karibu naye. Kisha sungura akiwa huru chumbani. Halafu anamgusa sungura akiwa ameshikwa na mtu mwingine. Katikati ya ngazi kuna hatua ambayo mzazi yeyote angeitambua na ambayo wataalamu wachache wangekuwa na ujasiri wa kuiandika kama maendeleo: Peter anamtemea sungura mate, anamrushia vitu, anamwigiza. Jones aliihesabu. Aliyeweza kumchokoza adui amekwisha kuacha kumkimbia. Mbele zaidi anachuchumaa kando yake bila kinga, anasaidia kumbeba kumrudisha kizimbani, anabaki naye peke yake, na juu kabisa anamwachia amtafune vidole.

Njia haikunyooka. Katikati ya safari Peter alipata homa ya skarleti, akalazwa kwa muda wa miezi miwili hivi. Siku ya kutoka, wakati yeye na muuguzi wanaingia kwenye teksi, mbwa mkubwa aliwarukia, wote wawili wakashtuka vibaya. Aliporudi kwa sungura, ngazi zote alizozipanda zilikuwa zimevunjika. Ni hapo ndipo kiti kirefu na sahani vilipoletwa, na upandaji ukaanza upya kutoka chini.

Kuna jambo jingine katika maandishi hayo, na Jones alilitaja kama kwa bahati. Siku ambazo mtafiti mmoja mwanamume alikuwepo chumbani, Peter alisonga mbele kwa urahisi zaidi. Mtoto alimpenda sana mtu huyo na alishikilia kwamba ni baba yake. Mtu huyo hakufanya lolote la pekee, alikuwepo tu. Jones alipima futi kati ya mtoto na sungura kwa uangalifu wa fundi cherehani, lakini umbali wa pili, ule kati ya mtoto na mtu anayemwamini, ulibaki pembezoni mwa ukurasa. Iliwachukua watu wengine miaka 30 kuuleta katikati.

Na wakati huo wote mkondo ulikuwa ukienda upande mwingine. Watson, ambaye alikuwa ameondoka chuo kikuu baada ya kashfa ya talaka yake na kuhamia kwenye biashara ya matangazo, alitoa mwaka 1928 kitabu cha malezi kilichosomwa sana. Humo aliwaonya wazazi wasiwapakate watoto wala kuwabusu. Ikiwa hapana budi, busu moja la paji la uso usiku, na asubuhi wapeane mikono. Mkono huo tutakutana nao tena, mahali ambapo Watson asingedhani.

Hospitali nazo zilifuata desturi hiyohiyo, tena kwa nia njema. Uingereza ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mtoto aliyelazwa aliachwa mlangoni. Mwaka 1949 barua katika jarida la Spectator iliorodhesha saa za kutembelea watoto katika hospitali za London: Guy's, Jumapili kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, basi, London Hospital, kwa walio chini ya miaka mitatu hakuna kutembelewa kabisa, ila wazazi waweza kuchungulia kupitia kizuizi. Hoja ya wauguzi ilikuwa rahisi kueleweka. Mama akija, mtoto hulia. Mama asipokuja, mtoto hutulia. Kwa hiyo asije. Wachache walifanya tofauti, kama Dakta James Spence wa Newcastle, ambaye tangu miaka ya 1920 aliwaruhusu akina mama kulala na watoto wao wodini na kuwauguza, lakini wengi walimwona kama mtu mwenye mambo yake.

Aliyewasuta wenye hoja hiyo alikuwa Mskoti, James Robertson. Wakati wa vita aliajiriwa kwenye vituo vya kulelea watoto vya Anna Freud huko Hampstead, awashe mitambo ya kupasha joto, na kama kila mfanyakazi wa huko, mpaka wa jikoni, alitakiwa aandike kwenye karatasi chochote alichokiona kwa watoto. Akawa mtazamaji hodari. Baadaye, katika kliniki ya Tavistock chini ya John Bowlby, alitumwa wodini kuangalia watoto waliotengwa na wazazi wao, akatoka na picha tofauti kabisa na ya wauguzi: ule utulivu haukuwa utulivu. Mtoto hulia kwanza, kisha hukata tamaa, kisha hujifanya hana haja na mtu. Watu hawakumwamini. Basi akachukua kamera.

Filamu yake ya mwaka 1952 inamfuata Laura, mtoto wa miaka 2 na miezi 5, aliyelazwa siku nane kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Ili asishutumiwe kwamba amechagua vipande vya kuhuzunisha, Robertson alimpata mtoto kwa kubahatisha kwenye orodha ya wanaosubiri na akapiga picha kwa saa zilezile kila siku, saa ya ukutani ikionekana. Laura haangui kilio. Anajikaza, kwa namna ambayo ni ngumu zaidi kuitazama kuliko machozi: anakumbatia mwanasesere wake na kiblanketi chake, uso unakunjika, unanyooka, unakunjika tena. Siku ya mwisho anatoka na mama yake, naye anaukataa mkono wa mama.

Madaktari na wauguzi walioonyeshwa filamu hiyo London mwezi Novemba 1952 walikasirika. Wengine walisema taaluma yao imetukanwa. Baada ya miaka saba kamati ya serikali iliyoongozwa na daktari wa upasuaji Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa, na mama wa watoto wadogo walazwe pamoja nao. Hata hivyo hospitali nyingi zilikokota miguu, na ilibidi mwaka 1961 akina mama wa Battersea waunde chama cha kuzisukuma.

Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mtu mwingine aliyekuwa akiyasoma madaftari ya Robertson pale Tavistock. Mary Ainsworth alikuwa amekulia Canada, akatumikia jeshi hadi cheo cha meja, akafuatana na mumewe London, na kupata kazi kwa Bowlby kupitia tangazo la gazetini. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuchambua maandishi ya Robertson. Hayakuwa na mashine wala takwimu nzito. Yalikuwa ya mtu aliyeketi, akatazama, akaandika. Akajiahidi kwamba akipata nafasi atafanya hivyo hivyo. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Jamii, Makerere, na nafasi ikaja Kampala.

Alikwenda Buganda kutafuta kilio kilekile cha Laura. Alikuwa amesikia juu ya desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumtenga na mama, apelekwe kwa bibi mpaka alisahau ziwa. Desturi za kulikiza zina ukali wake kila mahali. Mwambao wa Waswahili una shubiri, na mtoto aliyewahi kuionja haisahau. Ainsworth alitaka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto. Alipofika vijijini akakuta wengi wamekwisha kuiacha desturi hiyo. Utafiti ulipoteza mada yake kabla haujaanza.

Hakufunga mizigo. Aliamua kutazama kilichokuwepo. Akapata familia 26 zenye watoto 28 wanaonyonya, katika vijiji vya karibu na Kampala, akawa anawatembelea kila baada ya majuma mawili, saa mbili kila mara, kwa muda uliofika miezi tisa. Hakuwapa fedha, aliwapeleka akina mama na watoto kliniki kwa gari lake na kuwasaidia kupata maziwa ya unga kwa bei nafuu. Alikuwa na mkalimani. Mazungumzo yalifanyika pale ambapo wanawake wa Kiganda huwapokelea wageni alasiri, yaani sebuleni. Hilo halikuwa dogo. Sebule yenye wageni ndiyo maabara bora kuliko zote za kumtazama mtoto mwenye woga: mama yupo, jirani waingia na kutoka, na katikati yao ameketi mwanamke mweupe asiyejulikana, na daftari.

Alichokiona humo kilibadilisha fani nzima. Mtoto akishajua kutambaa, humwacha mama, akaenda kwenye kikapu, akakipekua, akatupa jicho nyuma. Mama yupo. Anaendelea mpaka mlangoni. Anarudi, anagusa goti la mama, anatoka tena. Mgeni akiongea kwa sauti, mtoto hurudi mbio akashika nguo ya mama, na akiwa ameishika hiyohiyo humgeukia mgeni na kumchunguza kwa ushujaa mpya. Safari zake zina kituo. Mama akiondoka chumbani, safari husimama. Vitu vilevile vilivyomvutia dakika moja iliyopita havina tena maana. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba kumng'ang'ania mama na kuzoea mambo mapya ni vitu vinavyopingana, kimoja kikipanda kingine hushuka. Sebuleni Buganda vilikuwa kama mguu wa kulia na wa kushoto.

Kati ya watoto hao 28, Ainsworth aliwaona 16 kuwa wametulia katika uhusiano wao na mama, 7 kuwa na wasiwasi, wakilia sana hata wakiwa wamebebwa, na 5 kuwa bado hawajaonyesha kumchagua mtu. Alipotafuta tofauti kati ya nyumba na nyumba, moja iliyojitokeza ilikuwa hii: mama za waliotulia walipoulizwa habari za mtoto walijaa maelezo, vitu vidogo vidogo, anapenda hiki, alifanya vile juzi, hulia namna mbili. Walikuwa watazamaji, kama Robertson. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Baltimore, Marekani, na kuanza kuzitembelea familia nyingine 26. Hapo ikatokea shida ya kuchekesha. Watoto wa Baltimore, wakiwa kwao, hawakuonyesha kile kilichoonekana waziwazi Buganda. Walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka vyumbani na wageni kupita. Mama akiondoka, waliendelea na mchezo. Ili aione tena ile safari na kituo chake, ilibidi Ainsworth awatoe nyumbani kwao na kuwapeleka kwenye chumba kigeni chuoni, chenye vitu vipya vya kuchezea, mtu wasiyemjua, na mama anayetoka mara mbili kwa dakika chache. Jaribio hilo la dakika 20 hivi, lililochapishwa mwaka 1969 pamoja na Barbara Wittig, limerudiwa duniani kote. Wanaolifundisha husahau kusema kwamba lilibuniwa ili kumtia mtoto wa Kimarekani katika hali ambayo mtoto wa Kiganda aliikuta sebuleni kwao kila mgeni alipopiga hodi.

Jaribio hilo nalo likarudi Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 watafiti walilitumia kwa watoto wa Wagusii, Kisii, magharibi mwa Kenya, ambako mtoto hukaa muda mwingi mikononi mwa dada au yaya mdogo. Walipotazama mama anavyorudi, hawakuona kukumbatiana kama kule Baltimore. Wagusii humsalimu mtoto kwa kumpa mkono. Mtoto aliyetulia alinyosha mkono wake kwa hamu kabla mama hajafika. Mwenye wasiwasi aliusogeza pembeni. Ule mkono ambao Watson aliuagiza uwe badala ya mapenzi, hapa ndio ulioyabeba.

Akina mama wanaosoma habari hizi wakati mwingine huondoka na mzigo mzito: basi mwanangu ni mwoga kwa sababu yangu. Hapo ndipo wapimaji wa upande wa pili wanapostahili kusikilizwa. Mwaka 1956 mjini New York, Alexander Thomas na Stella Chess, mume na mke, wote madaktari wa akili, walianza kuwafuata watoto zaidi ya 130 tangu uchanga. Wakaona hulka zinatofautiana mapema mno kuweza kusingiziwa malezi. Kama asilimia 15 waliwaita wanaochelewa kuchangamka: kitu kipya hukipa mgongo kwanza, na wasipobanwa hukigeukia kwa wakati wao. Baadaye Jerome Kagan wa Harvard alipima mapigo ya moyo na mirusho ya viungo ya watoto wa miezi minne, akakuta kwamba mmoja kati ya watano hivi hutikisika sana kwa sauti, rangi na harufu mpya, na hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kujificha nyuma ya mama wafikapo mwaka wa pili. Uwezekano tu, kwani wengi wao hawakubaki hivyo.

Tena hulka inayoitwa mbaya hutegemea mahali. Daktari Marten deVries aliwapima watoto wachanga wa Kimaasai kusini mwa Kenya kwa vipimo vya Thomas na Chess wakati ukame wa miaka ya 1970 ukiwa mkali, akawachagua kumi walio rahisi kulea na kumi walio wagumu. Aliporudi baada ya miezi michache familia nyingi zilikuwa zimehama. Aliweza kuwapata saba rahisi na sita wagumu. Watano kati ya wale saba walikuwa wamekufa. Kati ya wale wagumu alikufa mmoja. Ni watoto wachache mno wa kujengea nadharia, lakini inaeleweka vipi mtoto asiyenyamaza huweza kupata ziwa ambalo mpole hakuliomba.

Na yule Laura na mlango aliofungiwa? Mlango huo siku hizi ni wa kituo cha kulelea watoto, na mahali ulipopangwa kwa makini sana ni Ujerumani. Katika miaka ya 1980, Hans-Joachim Laewen, Beate Andres na wenzao wa taasisi ya INFANS, Berlin, waliyachukua mafunzo ya Bowlby na Ainsworth na kuyageuza kuwa ratiba. Siku tatu za kwanza mzazi huja na mtoto kituoni kwa saa moja hivi na kuketi pembeni ya chumba. Hachezi, hamsukumi mtoto aende kwa wenziwe, hasomi gazeti, anakuwepo. Mlezi humkaribia mtoto taratibu, mara nyingi kupitia mchezo. Siku ya nne mzazi huaga, kwa maneno yanayosikika, bila kunyata, na kutoka nje ya mlango kwa muda usiozidi nusu saa. Ikiwa siku hiyo ni Jumatatu, husogezwa hadi Jumanne, kwa kuwa wikendi imekwisha kumrudisha mtoto nyuma. Mtoto akilia na mlezi akashindwa kumbembeleza, mzazi hurudi mara moja, na jaribio lingine hupewa muda. Wengine humaliza kwa juma moja, wengine kwa majuma mawili au matatu. Tangu Agosti 2013, sheria ya Ujerumani inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya nafasi kituoni, na kwa hiyo ratiba hii, au nyingine zinazofanana nayo, huwaketisha wazazi wengi kwenye viti vidogo pembeni mwa vyumba vya watu wengine.

Baadhi ya waajiri hawaipendi. Baadhi ya wazazi pia hulalamika, maana ni majuma ya likizo yanayotumika kwa kukaa bure.

Mary Cover Jones aliishi kuyaona mengi ya haya. Kazi yake kubwa ya baadaye ilikuwa California, akiwafuata mamia ya watoto hadi walipokuwa watu wazima na kuzeeka, na pengine ndiyo iliyomfanya amtazame Peter kwa jicho jingine. Mwaka 1974 aliandika kwamba kama angeianza upya, asingeridhika kuitibu hofu ya mtoto wa miaka mitatu peke yake, bila kumfuatilia baadaye na bila kumtazama kama mtu kamili.

Kumbukumbu ya mwaka 1924 inaishia siku ya mkutano wa mwisho. Peter anaonyeshwa pamba, koti la manyoya na unyoya. Anavitazama, anavishika, kisha anageukia kitu kingine kinachomvutia zaidi. Anamchezea sungura kwa mapenzi. Halafu anarudishwa nyumbani kwao, penye dhiki, kwa mama anayelia kila akihojiwa na ambaye, akitaka mtoto aingie ndani upesi, humwita kwa kumwambia kwamba kuna mtu anataka kumwiba.